Raha ya Pikipiki Ina Masharti Yake

Hotuba kwa waendesha pikipiki wa Dar es Salaam, kabla ya safari ya Jumapili kwenda Kisarawe

Wazee wangu, shikamooni. Vijana, mambo vipi. Akina dada mlioketi juu ya pikipiki zenu wenyewe kule nyuma, na nyie mliokuja kama abiria huku mkijiuliza kama hawa watu wana akili timamu, karibuni wote. Nitaanza na jambo ambalo kwenye mikutano ya usalama barabarani huwa halisemwi, sijui kwa nini: pikipiki ni tamu.

Tamu kweli. Mwenye gari analitazama jiji kupitia kioo, wewe unalinusa. Ukipita Feri unajua samaki wameshashuka. Ukikatiza Coco Beach jioni, mihogo ya kukaanga inakufuata mpaka Oysterbay. Ukifika Wazo unaijua simenti kabla hujaliona lori lake. Kwenye Daraja la Tanzanite alfajiri upepo wa bahari unakuingia kwenye mikono ya shati, na ukipanda Pugu unasikia ubaridi pale hasa ambapo miti inaanza. Injini ya cc 125 tu, lita moja ya mafuta, na mwili mzima uko kazini: vidole, nyayo, magoti, shingo, macho. Kuna watu wanalipia mazoezi gym wapate nusu ya hicho.

Na utamu ulipo ndipo hatari ilipo. Hakuna bodi wala mkanda. Kila tairi inaigusa lami kwa eneo lisilozidi kiganja cha mtu mzima, na viganja hivyo viwili ndivyo vinavyobeba roho yako na ya abiria wako. Anayetaka kuiondoa hatari yote apande treni ya SGR, asinzie hadi Morogoro. Sisi tuliobaki tunatakiwa kujua ni hatari ipi tumeichagua, na ipi tunaibeba bure kwa uvivu. Hii ya pili ndiyo kubwa, na ndiyo nitakayoizungumzia.

Maana tuna msemo wetu kijiweni: ajali haina kinga. Mtu ameanguka, tunatikisa vichwa, tunasema siku yake ilikuwa imefika, tunachanga, tunarudi kazini na breki zilezile. Mimi nakataa. Kifo ni cha Mungu, sibishani. Lakini breki shuu iliyokwisha mwezi mzima ni ya mwenye pikipiki.

Tuanze na breki basi, na hapa nitakaa sana.

Jijini Los Angeles, Marekani, Profesa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California na wenzake walichunguza ajali za pikipiki 900, wakienda eneo la tukio wenyewe. Ripoti yao ilitoka mwaka 1981 na mpaka leo walimu wa pikipiki wanaitumia. Robo tatu hivi ya ajali zile ilikuwa pikipiki kugongana na chombo kingine, mara nyingi gari dogo, na kosa lililotawala ni dereva wa gari kutoiona pikipiki, au kuiona akiwa ameshachelewa. Mwendesha pikipiki alikuwa na muda gani wa kujiokoa? Kwa kawaida, pungufu ya sekunde mbili. Na ndani ya muda huo wengi walifanya kosa moja: walikanyaga breki ya nyuma mpaka gurudumu likafunga, na ile ya mbele wakaitumia kidogo mno. Los Angeles si Mwenge, lakini simama kituo chochote cha bodaboda hapa mjini uangalie vidole vya mkono wa kulia. Vimekunjwa kwenye kishikio cha moto, kile cha kuongezea mwendo, lever ya mbele imepoa haijaguswa tangu asubuhi. Ukiuliza, unajibiwa: "Ya mbele inabinua, bro."

Sasa sikilizeni sababu. Ukifunga breki, uzito wote unakimbilia mbele. Shokapu za mbele zinazama, tairi la mbele linakandamizwa kwenye lami na kupata nguvu ya kushika, huku la nyuma linabaki jepesi. Kwa hiyo kwenye lami kavu, kwa mtu aliye peke yake, breki ya mbele inafanya karibu asilimia 70 ya kazi yote ya kusimamisha. Ukitumia ya nyuma peke yake umeacha zaidi ya nusu ya breki zako nyumbani. Tena gurudumu jepesi ndilo linalofunga haraka, na likishafunga linateleza, mkia unakwenda pembeni, na hapo ndipo wengi wanalala chini mita kumi kabla hata ya kulifikia gari walilokuwa wanalikimbia.

Inayobinua ni breki ya mbele iliyonyakuliwa ghafla, kabla uzito haujafika mbele. Dawa yake ni namna ya kukamata. Kwanza rudisha moto. Kisha vidole viwili hadi vinne vianze kuvuta lever kama anayekamua tui: mkamuo wa kwanza taratibu mpaka usikie shokapu zimeanza kuzama, ndipo uongeze nguvu, na uendelee kuongeza mpaka pikipiki isimame. Mguu wa kulia unasaidia nyuma kwa upole. Pikipiki iwe imesimama wima, usukani umenyooka, macho yako mbali mbele, si kwenye bampa la gari. Gurudumu la mbele likifunga, utasikia usukani umekuwa mwepesi ghafla: achia mara moja, kamata tena. La nyuma likifunga wakati unakwenda wima, legeza mguu taratibu huku umenyoosha usukani, kwa sababu ukiliachia ghafla likiwa limeshakwenda pembeni, litashika lami na kukurusha.

Maneno hayamfundishi mtu breki. Tafuta uwanja wa lami ulio wazi, asubuhi ya Jumapili, ambako hakuna mtoto wala mbuzi. Chora mstari kwa chaki. Njoo na kilomita 30 kwa saa, anza kufunga kwenye mstari, weka alama ulipoishia. Rudia mara kumi. Ukishaona alama zimeacha kutawanyika, panda hadi 40. Siku nyingine mwaga maji kwenye lami uanze upya na 20. Saa moja ya namna hii ina faida kuliko miaka mitano ya kupiga honi.

Na mjue hesabu. Kwa kilomita 40 kwa saa unakula mita 11 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka, halafu breki nzima kwenye lami kavu, unasimama baada ya mita 21 hivi. Kwa 60 unahitaji karibu mita 40. Kwa 80, mita 63. Yaani mwendo umeongezeka mara mbili tu, umbali umeongezeka mara tatu. Sheria inasema kilomita 50 maeneo ya makazi, na mkiitazama hesabu hii mtaona haikutungwa na mtu aliyetaka kutunyima raha. Kwenye breki nzee za ngoma, zile ambazo shuu zinabana kutoka ndani ya gurudumu, na abiria mnene nyuma, ongezeni wenyewe.

Hiyo ngoma nayo iangalieni. Kwenye pikipiki nyingi za Boxer na TVS, pale mkono wa breki unapoingilia kwenye ngoma, kuna mshale mdogo na alama ya mwisho. Funga breki, tazama mshale. Ukivuka alama, shuu zimekwisha. Acha kukaza nati ya waya, badilisha shuu. Ninajua kukaza nati ni bure na shuu ni hela. Lakini kila unapokaza nati bila kubadilisha, unaisogeza ile siku ambayo mkono wa breki utapinduka na breki itagoma kabisa, na haitachagua siku ya foleni. Itachagua mteremko.

Basi kama dereva wa gari hakuoni, kazi ya kuonekana ni yako. Taa ya mbele iwake mchana. Vaa kiakisi mwanga kisichofunikwa na begi la mgongoni. Na kanuni moja ya lori na basi: kama huuoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Basi usikae hapo. Ama pita, ama rudi nyuma, lakini pembeni ya tairi la nyuma la semi pale Mandela Road si mahali pa kusubiri taa. Daladala ikisimama, usiipite kushoto hata kama kuna nafasi ya kutosha bajaji mbili, kwa sababu mlango uko kushoto na mama anashuka na mtoto na ndoo. Kwenye makutano, gari linalotaka kukata kulia mbele yako usilitazame taa, tazama gurudumu lake la mbele. Taa inadanganya, gurudumu likianza kuzunguka limeshasema ukweli. Na vidole viwe tayari juu ya lever. Hapo peke yake umejiokolea nusu sekunde.

Barabara ya mabasi ya mwendokasi sitaisema sana. Pikipiki imepigwa marufuku humo, mnajua, na sababu si ubahili wa serikali. Basi lile linatembea bila foleni, na mtu anayevuka pale Magomeni anasikiliza basi, hasikilizi pikipiki.

Kona. Hapa kuna watu wameendesha miaka na hawajui wanachokifanya, mikono yao ndiyo inayojua. Kuanzia mwendo wa kilomita 20 na kitu, pikipiki haikati kona kwa kuzungusha usukani kama baiskeli ya mtoto. Inakata kwa kulala. Ukitaka kwenda kushoto, sukuma kishikio cha kushoto mbele kidogo. Pikipiki italala kushoto na kwenda kushoto. Jaribu barabara ikiwa tupu, utashangaa inavyotii. Faida yake ni pale shimo linapotokea ghafla: anayejua anasukuma tu na kupita, asiyejua anaganda na kuingia. Anaingia pia kwa sababu nyingine: amelikodolea macho. Pikipiki huenda macho yanakokwenda. Tazama njia ya kupita, usitazame shimo. Mwendo punguza kabla ya kona, wakati bado umesimama wima, ndani ya kona moto uwe mdogo na usiobadilika.

Mvua ya masika ina mtego wake. Dakika kumi au kumi na tano za mwanzo ndizo mbaya kuliko zote, kwa sababu oili na vumbi la wiki nzima vinaelea juu ya maji. Simama, kunywa chai, acha barabara ioshwe. Baada ya hapo ogopa vitu vinne: rangi nyeupe za pundamilia, mifuniko ya chuma, reli, na dimbwi usilojua kina chake. Reli ivuke kwa kuikata msalaba, si kwa mshazari, maana tairi jembamba likiingia sambamba linakwenda linakotaka reli. Na maji ya Jangwani yakijaa, zunguka. Hakuna abiria wala mzigo unaostahili kupitishwa pale.

Tairi na cheni vinataka dakika tano kwa wiki. Upepo: pikipiki nyingi za cc 125 na 150 zinataka kama psi 25 mbele, nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria, angalia kibandiko cha pikipiki yako, na upime tairi likiwa baridi. Fundi wa pancha anayebonyeza kwa kidole gumba hapimi, anakisia. Tairi laini linapata joto, linatafuna mpira wa ndani kwenye mdomo wa valvu, na pancha ya ghafla inakuja. Ikikutokea ya nyuma, shika usukani kwa nguvu, rudisha moto polepole, funga kwa breki ya mbele kidogo kidogo. Gurudumu lililopasuka usiliguse. Spoki zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti ya bati bovu. Moja ikilegea, za jirani zinabeba mzigo wake, na rimu inaanza kucheza.

Cheni iwe na mchezo wa milimita 20 hadi 30, ukipima katikati, upande wa chini. Zungusha gurudumu na upime sehemu kadhaa, kwa sababu cheni haichakai sawasawa. Mahali ilipokaza zaidi ndipo pa kufuata. Ukiikaza mno unaua beringi na sproketi. Ukiilegeza mno itaruka, na cheni iliyoruka inaweza kulifunga gurudumu la nyuma ukiwa mwendoni. Ile tabia ya kumwagia oili chafu iliyotoka kwenye injini, tuache. Ina vumbi la chuma ndani yake. Tumia oili ya gia namba 90, tone kwa tone upande wa ndani wa cheni, kila kilomita 500 na kila baada ya mvua. Oili ya injini ni 20W-50 kwa nyingi za hizi pikipiki, lita moja na kidogo, na anayebeba abiria kutwa asisubiri ibadilike kuwa lami ndipo amwage.

Abiria ni nusu ya pikipiki. Apande upande wa kushoto, kwa sababu ekzosi iko kulia na makovu kwenye mashavu ya miguu ya dada zetu mnayajua. Akae kwa kupanua miguu, nyayo kwenye vikanyagio, akushike kiunoni au ashike chuma cha nyuma. Dera, mtandio, baibui, ncha ya kanga: kusanya, kalia, funga. Kitambaa kinanaswa na spoki au cheni kwa zungusho moja tu, na kama kimefungwa shingoni mnajua kinachofuata. Dereva ndiye wa kusema, usimwachie abiria akumbuke. "Dada, naomba ukalie hilo dera" inachukua sekunde tatu. Na mishikaki, wale watatu na mtoto wanne, sitapoteza pumzi. Uzito wote nyuma, usukani mwepesi, rudini kwenye hesabu ya breki mfanye wenyewe.

Kofia ngumu. Mwaka 2008 wataalamu walikusanya tafiti nyingi pamoja wakaona kofia inapunguza uwezekano wa kufa kwa takriban asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Sina dawa nyingine ya bei hiyo yenye nguvu hiyo. Lakini kofia iliyoning'inia kwenye kiwiko inalinda kiwiko. Ikikaa kichwani ijaribu hivi: funga mkanda, vidole viwili tu vipite chini ya kidevu, halafu tikisa kichwa. Ikicheza peke yake, ni kubwa. Mwombe mwenzako aivute kutoka nyuma kwenda mbele. Ikitoka, hiyo ni kapelo. Ndani lazima kuwe na lile povu gumu jeupe, kwa sababu ndilo linalobonyea badala ya fuvu. Likishabonyea mara moja limemaliza kazi yake, hata kama nje kofia inang'aa, na ndiyo maana kofia iliyopigwa kwenye ajali haiuzwi wala haigawiwi. Anayechukia jasho la kofia ya abiria ana haki; weka vikofia vyepesi vya kitambaa kwenye begi, umpe kimoja avae ndani. Kioo cheusi usiku, hapana.

Juu ya nguo nasema machache. Lami inakula jinzi papo hapo, kandambili haina la kukusaidia, na viganja ndivyo vinavyotangulia chini ukianguka, kwa hiyo glavu zitangulie kununuliwa. Lile koti zito la kuvaa kinyumenyume tunalolipenda linakinga upepo wa kifua, sikatai, ila zipu ifungwe na mtu nyuma, lisije likapepea kama tanga. Pombe: aliyekunywa leo hapandi, asubirie kesho.

Akianguka mwenzenu na hajitambui, msimvue kofia kwa kuivuta na msimbebe mikono na miguu kama gunia. Simamisheni magari kwanza, ili asigongwe mara ya pili. Kama anavuja damu, bana kwa kitambaa na usiachie. Kisha piga 112. Waliovunjika shingo kwa kuokolewa vibaya wapo, na hilo watu wa Taasisi ya Mifupa pale Muhimbili, MOI, wanaweza kuwaeleza kuliko mimi.

Sasa safari. Tunapita Nyerere Road, tunapanda Daraja la Mfugale pale TAZARA, Gongo la Mboto, Pugu, Kisarawe. Hatuendi kwa makundi ya mbili mbili kama harusi. Tunapangana kwa zigizaga ndani ya njia moja: wa kwanza kulia, wa pili kushoto, wa tatu kulia. Aliye mbele yako moja kwa moja mpe sekunde mbili, wa pembeni sekunde moja. Kwenye kona za Pugu zigizaga inavunjika, kila mtu anashika mstari wake, mmoja nyuma ya mwingine. Wageni wanakaa nyuma tu ya kiongozi, si mkiani, kwa sababu aliye mkiani hulazimika kukimbiza ili asiachwe, na mgeni anayekimbiza ndiye anayeanguka. Mkiani atakaa mzoefu mwenye vifaa vya pancha. Kila mtu anamwangalia wa nyuma yake kwenye kioo. Akipotea, unapunguza, na wa mbele yako atapunguza kwa sababu amekupoteza wewe, mpaka kiongozi asimame. Hakuna kuovateki ndani ya kundi. Anayetaka kujua pikipiki yake ina nguvu kiasi gani atajua kwenye mlima, kwa gia ya tatu, bila kumpita mtu.

Tenki liwe limejaa, si la kusubiri rizevu. Tunaondoka saa 12 na nusu kamili, kabla jua halijatuchoma na kabla malori hayajaamka. Pampu na geji ziko pale chini ya mwembe, na kijana wa spana anaanza na pikipiki zenye breki za ngoma. Mwenye mshale uliovuka alama asione aibu, shuu tumeleta.